Ati "inflammable" haishiki moto?

Bila shaka umewahi kukwama kwenye foleni nyuma ya lori la mafuta, ukasoma pale nyuma ya tangi neno "inflammable" kwa herufi kubwa nyekundu. Na bila shaka alikuwapo mtu pembeni yako, tena msomi, aliyekueleza kwa sauti ya uhakika: "Hiyo 'in' ya mwanzo inakanusha. Maana yake mzigo huo haushiki moto."

Si kweli. Kati ya madai yote nitakayoyapima hapa, hili ndilo ningependa lizikwe kwanza, kwa sababu linaweza kuua mtu. "Inflammable" na "flammable" zina maana moja: kitu kinachoshika moto upesi. Kisichoshika moto huitwa "non-flammable", basi.

Chanzo cha mkanganyiko ni Kilatini, ambacho kilikuwa na "in" mbili zenye sura moja. Ya kwanza inakanusha, kama katika "incorrect" na "invisible". Ya pili ina maana ya kuingia ndani, na ndiyo iliyomo katika kitenzi "inflammare", yaani kutia moto. Kiingereza kikazipokea zote mbili bila kuzitenganisha. Sisi nasi tunalo jambo la namna hiyo. Chukua neno "kukuona": "ku" ya kwanza ni alama ya kitenzi, ya pili ni wewe unayeonwa. Mtoto wa miaka mitatu hazichanganyi, lakini mgeni anayejifunza Kiswahili hukuna kichwa.

Miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kukinga majanga ya moto, National Fire Protection Association, kilianza kuhimiza watu waandike "flammable", kwa hofu kwamba wafanyakazi wangedanganywa na ile "in". Ulikuwa uamuzi wa busara. Miaka hiyohiyo Benjamin Lee Whorf, ambaye wengi humjua kama mwanaisimu, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya bima ya moto ya Hartford, akichunguza moto unaanzaje. Aliona watu wakiwa waangalifu sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, kisha wakivuta sigara karibu na mapipa yaliyoitwa "empty", matupu. Kumbe pipa "tupu" limejaa mvuke wa petroli, na mvuke huo hulipuka kirahisi kuliko petroli yenyewe. Muulize fundi yeyote makini wa kuchomelea kwa nini hagusi tangi kuukuu la mafuta mpaka lisafishwe. Atakueleza hayo bila kumsoma Whorf.

Kazi yangu ni kuhariri tafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kiingereza, kwa hiyo madai kama haya huyasikia kila wiki. Kipimo changu ni tarehe. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kuchapishwa kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, hupanga maana za kila neno kufuatana na wakati, na kila maana huwekewa mifano ya watu walioitumia. Ukishajua nani alisema nini na lini, ubishi mwingi huisha wenyewe.

"Anayesema 'borrow me your pen' ni mvivu wa kufikiri." Kosa ni kweli, uvivu ni uongo. Katika Kiingereza sanifu anayechukua ndiye "borrow" na anayetoa ndiye "lend", na mwalimu aliyekusahihisha mara kumi alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini tazama kosa linatoka wapi. Kiswahili kina "azima", na neno hilo linapita njia zote mbili: "niazime kalamu yako" ni nipe, "nimeazima kalamu" ni nimechukua. Wajerumani nao wana "leihen" yenye tabia hiyohiyo. Mtoto anayesema "borrow me" amefikiri vizuri kabisa, ila amefikiri kwa Kiswahili.

Wala usidhani Kiingereza ndicho chenye macho makali na Kiswahili kipofu. Mtu akisema "I rent a house in Tanga", je, ni mpangaji au ni mwenye nyumba? Sentensi haikwambii. Kwa Kiswahili hakuna haja ya kuuliza: mmoja amepanga, mwingine amepangisha. Ndivyo ilivyo pia kwa kukodi na kukodisha, kukopa na kukopesha. Silabi moja inamaliza kesi. Nimewahi kusimamisha kazi nusu siku kwa sababu ya "rent" moja tu, mpaka mwenye waraka alipothibitisha kwamba yeye ndiye anayepokea kodi.

Na ile "learn me", ambayo watu husema ni lugha ya vichochoroni? Kihistoria si kweli. Kwa karne nyingi "learn" ilibeba pia maana ya kufundisha, na Shakespeare aliitumia hivyo. Leo itakukosesha alama katika mtihani, kwa hiyo iepuke, ila usimcheke anayeteleza. Kwetu pia kufunza na kujifunza ni kitenzi kimoja chenye tofauti ya "ji" tu.

"Ongeza 'er' kwenye kitenzi, utampata mtendaji." Si kweli kila mara, na shahidi ni "cooker". Mwanafunzi ameshaona "teach" ikizaa "teacher" na "drive" ikizaa "driver", basi anaandika kwamba mama yake ni "a good cooker", na hapo amemgeuza mama kuwa jiko. Mpishi ni "cook". Nomino hiyo ilitangulia, ikitokana na "coquus" ya Kilatini, na kitenzi kikazaliwa kutoka kwake. Kwa kuwa mtu alikuwa na jina tayari, "cooker" ikabaki wazi mpaka chombo kilipoichukua. Waingereza wenyewe wamewahi kujichanganya hapa: mwishoni mwa karne ya 19 "typewriter" ilikuwa mashine ya kupiga chapa na pia mtu anayeipiga. Kiswahili kinapeleka mtu kwenye ngeli yake na chombo kwenye yake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kumchanganya mfagiaji na kifagio.

Sasa tuje kwenye dai ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ya kisa kilicho nyuma yake. "'Stationary' na 'stationery' hayana undugu; yamefanana kwa bahati tu." Si kweli. Ni ndugu wa tumbo moja.

Pita mtaa wowote wenye shule au chuo, Dar es Salaam au Nairobi, utakuta duka la madaftari na fotokopi lenye kibao kilichoandikwa "STATIONARY". Wanaojua tahajia hucheka, kwa kuwa kwa maana ya leo kibao kinasema tu kwamba duka hilo limesimama palepale, haliendi popote. Lakini hebu turudi Ulaya ya enzi za kati. Wauzaji wengi wa wakati huo walifanya kama wamachinga, bidhaa begani, leo kijiji hiki, kesho mnada ule. Vitabu vilikuwa jambo jingine: ghali, vizito, vikinakiliwa kwa mkono. Katika miji ya vyuo vikuu kama Bologna na Paris waliovishughulikia walikuwa na mahali pao maalumu, wakiuza nakala na kuzikodisha kwa wanafunzi ili nao wanakili. Mtu wa namna hiyo aliitwa kwa Kilatini "stationarius", aliyetulia kituoni. London nako waandishi, wapambaji na wafunga vitabu waliunda chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 chama hicho, Stationers' Company, kikapewa hati ya kifalme iliyokitia mkononi udhibiti wa uchapaji katika England. Bidhaa za "stationer", yaani karatasi, wino na kalamu, zikaitwa "stationery". Kwa hiyo kusimama palepale ndiko kulikozaa jina la duka.

Mzizi huohuo wa Kilatini, wa kusimama, ndio uliotuletea stesheni ya treni. Steshenari anakonunua daftari mtoto wako na stesheni anakoshukia shangazi yake ni binamu, na Kiswahili kimeyapokea yote mawili bila kugombania "a" na "e". Mchora kibao bado ana kosa la herufi moja, hilo sikatai. Na ule ujanja wa mwalimu wa zamani, kwamba "e" ya "stationery" ni ile ya "envelope", ni ujanja mzuri sana. Usiuache.

Kuna dai jingine la tahajia linalosumbua hata maprofesa: "Ritifaa huonyesha umiliki, kwa hiyo 'it's' ndiyo 'yake'." Si kweli. Umiliki ni "its" bila ritifaa. "It's" ni ufupisho wa "it is" au "it has". Namwelewa anayekosea, maana "the teacher's book" ina ritifaa na inaonyesha mwenye kitabu. Ila angalia "his", "hers", "ours" na "theirs": hakuna hata moja yenye ritifaa, na "its" imo katika kundi hilo. Jipime kwa kusoma "it is" mahali pake. Sentensi ikivunjika, futa ritifaa. Kwetu kazi kubwa ya alama hiyo ni kulinda sauti, ili "ng'ombe" isianze kama "ngoma". Kiingereza kimeipa kazi mbili zinazogombana, na mkosaji huteleza hapo katikati.

Wapo wanaosema kosa hili limeletwa na simu za mkononi. Hao pia wamekosea, tena kwa miaka mingi. "Its" ni neno changa. Mpaka karibu na mwisho wa karne ya 16 Waingereza walisema "his" hata kwa mti na jiwe. Chapa ya kwanza ya Biblia ya King James, ya mwaka 1611, haina "its" hata moja. Ile iliyomo leo katika Walawi 25:5 iliingizwa baadaye. Na neno lilipoanza kuenea, lilikuja na ritifaa yake. Waandishi na wachapaji wa karne ya 17, na wengine wa karne ya 18, waliandika "it's" kwa maana ya umiliki. Ritifaa ilidondoka polepole. Kanuni tunayofundishwa ni ya kweli, ila haina umri tunaodhani.

Ndivyo ilivyo pia kwa "less" na "fewer". Umesikia kwamba kusema "less people" ni uharibifu wa siku hizi? Si kweli, na tarehe zitakushangaza. "Less" kwa vitu vya kuhesabika imo katika maandishi ya Mfalme Alfred wa Wessex, karne ya 9. Aliyetangulia kuandika kwamba "fewer" inafaa zaidi ni Robert Baker, mwaka 1770, naye alilitoa kama chaguo la sikio lake. Waliomfuata ndio waliogeuza ladha ya mtu mmoja kuwa sheria. Sheria hiyo ilipata nguvu hata mwaka 2008 maduka ya Tesco ya Uingereza yalibadili vibao vya foleni ya haraka kutoka "less" na kuandika kwamba mwisho ni vitu 10, ili wateja waache kulalamika.

Mswahili hana sababu ya kuogopa kanuni hii, kwa kuwa anayo tayari mdomoni. Husema watu wachache, maji kidogo. Vitabu vichache, sukari kidogo. Penye "chache" weka "fewer", penye "kidogo" weka "less", na hakuna mtahini atakayekugusa. Ukimsikia mtu sokoni akisema "less people", mwache aendelee na biashara yake.

Haraka haraka, mawili mepesi. "'Affect' ni kitenzi, 'effect' ni nomino": kweli, karibu kila mara. Vighairi vipo, kwani "to effect" ni kuleta jambo likatimia, na wanasaikolojia wana nomino yao "affect" kwa hisia zinazoonekana kwa mtu, lakini aliyekufundisha kanuni hiyo alikupa kitu cha kudumu. "'Till' ni kifupi cha 'until'": si kweli. "Till" ndiyo kongwe, na "until" ilizaliwa baadaye kwa kuongezewa kichwa.

Kwa "disinterested" nitasimama kidogo. Dai ni kwamba tangu asili neno hili lina maana ya mtu asiye na upendeleo, na wanaolitumia kwa asiyejali wamelichafua. Historia si hiyo, ushauri ni mzuri. Mwanzoni mwa karne ya 17 mshairi John Donne alilitumia kwa mtu asiyejali, na katika karne hiyohiyo "uninterested" ilikuwa na maana ya asiyeegemea upande. Maneno hayo mawili yamebadilishana viti. Chanzo cha shida ni "interest" yenyewe, ambayo kwa Waingereza hubeba mambo mawili sisi tuliyoyapa majina mawili: maslahi na hamu. Hakimu "disinterested" hana maslahi katika kesi. Hakimu "uninterested" hana hamu nayo, na pengine anasinzia shahidi akiapa. Sisemi hili ni suala la ladha tu. Mtu anayedai shamba lake mahakamani ana haki ya kupata hakimu wa kwanza, na tafsiri ya waraka wake isimpe wa pili.

Fedha nazo. "'Bimonthly' ni kila miezi miwili." Kweli, na kinyume chake pia ni kweli: kamusi hutoa maana mbili, kila miezi miwili na mara mbili kwa mwezi, na zote zinatumika. Niliwahi kukubali kazi ambayo malipo yake yaliandikwa hivyo. Mimi nilihesabu mara mbili kwa mwezi, mhasibu akahesabu mara sita kwa mwaka, na hakuna kati yetu aliyekuwa akidanganya. Kodi ya nyumba haikunisubiri. Tangu siku hiyo kila mkataba unaopita mikononi mwangu husema "twice a month" au "every two months", na ninakusihi ufanye hivyo nawe, kwani hakuna mhariri wala mwanasheria atakayeweza kuliokoa neno hilo baada ya saini.

"Bilioni ya Waingereza ni kubwa kuliko ya Wamarekani." Ilikuwa kweli, sasa si kweli. Babu aliyesoma zamani akikwambia bilioni ni milioni zidisha mara milioni, usimbishie kwa dharau. Ndivyo vitabu vya Uingereza vilivyofundisha. Marekani ilihesabu milioni elfu moja tu. Mwaka 1974 serikali ya Harold Wilson ilitangaza kwamba nayo itahesabu kwa njia hiyo, na bilioni ya Kiswahili leo ni hiyohiyo, yenye sufuri tisa. Lakini vuka mpaka kuingia nchi zilizohesabu kwa Kifaransa. Milioni elfu moja kwa Kifaransa ni "milliard", Wanyarwanda wakasema "miliyari", na "billion" ya Kifaransa bado ina sufuri kumi na mbili. Mfasiri wa bajeti kati ya Kinshasa na Nairobi asipotazama mara mbili ataongeza au kupunguza sufuri tatu, na hakuna kirekebisha tahajia kitakachomwonya, kwa sababu neno limeandikwa sawasawa.

Na la mwisho, ambalo hurudiwa na watu wanaokipenda sana Kiingereza: kwamba maneno yake yana maana moja popote, na anayeelewa tofauti hajasoma. Si kweli, na wamewahi kuteseka kwa ajili yake watu waliozaliwa nacho. Churchill, katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, anasimulia mkutano ambapo makamanda wa Uingereza walitaka "to table" waraka mmoja, wakimaanisha uletwe ujadiliwe upesi. Wamarekani walipinga kwa nguvu, kwa kuwa kwao neno hilo ni kuuweka kando. Walibishana kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba wote walitaka jambo moja.

Kiswahili cha Bunge kilishika picha ya Uingereza. Dodoma hati huwasilishwa mezani, na ni hapo mezani wabunge wanapoanza kuisoma. Hati hiyohiyo ikitafsiriwa "tabled" na kupelekwa Washington, msomaji wa kule atadhani imeshawekwa kabatini.